Kimono Upande wa Maiti

Benchi la nje ya duka la kufulia la Mama Pasi halikosi watu. Kando yake kuna mashine ya kuuzia kahawa ya kopo, na wazee wawili wa mtaa huu wa Kanazawa, Japani, wameligeuza baraza lao: Mzee Tofu, anayetengeneza tofu, ile jibini ya maharage ya soya, na Katibu, aliyestaafu ofisi ya mtaa lakini ofisi haijamtoka mdomoni. Asubuhi ile ya Novemba, Chizuru alifika pale amefura kwa hasira. Chizuru ni mchoraji. Huchora kwa mkono kadi, bahasha na karatasi za barua. Miaka mingi ameuza kazi zake kwenye magulio ya hekaluni huku baridi ikimtafuna vidole, na mwaka huu ndio kwanza kampuni imechapa kadi zake zikiwa na jina lake nyuma. Akaibwaga kadi moja benchini. Ilikuwa ya kuwapongeza watoto wa kike waliotimiza miaka saba, na juu yake msichana aliyevaa kimono, joho la Kijapani linalokunjwa kifuani.

— Itazameni.

— Katoto kazuri, akasema Mzee Tofu. Kanatabasamu.

— Tazama kifuani.

Mzee Tofu akaisogeza kwenye mwanga, kisha akairudisha benchini haraka.

— Mbona kimono kimefungwa hivi? Upande wa kulia juu ya wa kushoto. Binti, hivi si tunavishwa tukishakufa?

— Ndiyo. Na mabibi nchi nzima wamewatumia wajukuu zao.

— Sasa wewe ulikuwa unawaza nini? akauliza Katibu.

— Mimi nilimchora sawasawa. Watu wa kampuni walitaka atazame upande wa maandishi, wakaigeuza picha nzima kwenye kompyuta kama kwenye kioo, kushoto kukawa kulia. Hawakuniuliza. Watu wakaja juu, na sasa wananitaka nitangaze kwa jina langu, kabla ya saa sita, kwamba nilichora bila kujua kimono kinavyovaliwa, na niombe radhi. Nikikataa, kazi ya mwakani hakuna.

Alisema kwa sauti kubwa, hakujali nani anasikia. Bibi yake alimfunza kufunga kimono kwa kumpiga vidole, leo aambiwe hajui.

— Tangaza tu yaishe, akasema Katibu. Kuomba radhi kunakupunguzia nini?

— Jina. Nani atanunua kadi ya mtoto kwa mtu anayewavisha watoto kama maiti?

— Mimi naona hapa kuna mkono wa mtu, akasema Mzee Tofu. Kampuni nyingine imemhonga mtu humo ndani.

— Acha kamba, akasema Katibu. Ni kompyuta. Zimetengenezwa na watu wa mashati, na shati la kike hufungwa kulia juu ya kushoto. Kompyuta imeona msichana, ikamfunga kama shati.

— Kompyuta inamjua msichana?

— Inakujua hata wewe.

Mama Pasi akatoa kichwa mlangoni, pasi mkononi.

— Nyote mmenoa. Huyo mtoto kageuka mwenyewe usiku. Shangazi yangu alikuwa na mwanasesere ambaye nywele zake zilikuwa zikirefuka zenyewe.

— Nani alikuwa akimnyoa? akauliza Katibu.

— Mimi. Kila mwaka mpya.

Mzee Tofu akacheka mpaka kahawa ikampalia. Chizuru akasimama.

— Mnajiburudisha na mimi naungua. Miaka yote hii nachora mpaka macho yananiuma, halafu kosa la mtu mwingine linatafutiwa jina, linapatikana langu. Na nyie mnaongea habari za nywele.

Mwanamke mmoja aliyehamia mtaani wiki ile, aliyekuwa akingoja blanketi lake mlangoni, akasogea.

— Samahani, nimesikia bila kutaka. Na huyo aliyeigeuza picha, yeye anaomba radhi wapi?

Katibu akaigeuza kadi: nyuma, jina la mtu lililokuwapo ni la Chizuru tu.

Chizuru akampigia simu Bwana Nagoshi wa kampuni.

— Maneno mliyoniandikia ya kuomba radhi nimeyasoma. Nina swali moja. Aliyegeuza picha yangu anaomba radhi wapi?

Bwana Nagoshi akajibu kwa sauti laini:

— Bi Chizuru, kwa mwakani tulikuwa tumekupangia...

— Sijauliza ya mwakani.

Chizuru hakukata simu. Akaishikilia sikioni, na kwa mkono wa pili akatoa kwenye mkoba picha yenyewe, ile aliyoichora kwa brashi, sahihi yake ikiwa pembeni. Msichana alitazama upande mwingine, kimono kimefungwa kushoto juu ya kulia, kama cha mtu aliye hai. Akaiweka sambamba na kadi.

— Katibu, zipige picha uziweke mtandaoni.

— Zote mbili? Binti, kazi ya mwakani je?

— Zote mbili, pamoja. Na jina langu lisomeke.