Marehemu Tollef Aasen na Vijiko Vyake vya Baruti

Kila asubuhi, kabla hajaonja kahawa, Babu yetu Tollef alisimama dirishani jikoni akaangalia bomba la moshi la jirani yake, Bwana Emmett Rusk. Kama moshi wa Emmett ulikuwa bado, Babu alikunywa kahawa yake ameketi, na mkate wa viazi uliopakwa siagi. Kama ulikuwa umeshatoka, alikunywa amesimama, na siku hiyo hakusemezeka mpaka mchana.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 katika nyumba ya magogo kwenye Kijito cha Sorrel, magharibi mwa Montana, akiwa mtoto wa tatu wa Nils na Borghild Aasen. Alibatizwa katika kanisa hili hili. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mdogo wake, Solveig, alipozaliwa, Tollef wa miaka miwili alipanda kwenye kitanda cha mtoto, akalala humo, akagoma kutoka mpaka giza likaingia. Kwa hiyo wivu hakufundishwa na mtu. Alikuja nao.

Alisoma shule ya chumba kimoja pale njia panda, akamaliza darasa la nane mwaka 1963, ikaishia hapo. Hesabu aliziweza sana. Mwaka 1966 aliingia kiwanda cha mbao kama mnoaji wa misumeno, na kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na minne, hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2000. Waliofanya naye kazi wanasema ukimnyang'anya tupa mkononi alikuwa hajui aweke wapi vidole.

Tarehe 17 Juni 1978 alifunga ndoa na Verna Lindqvist, yaani Bibi. Kabla ya hapo, kwa miaka miwili, Bibi alikuwa akienda kwenye ngoma za Jumamosi na Emmett Rusk. Hilo wote mnalijua, na Bwana Emmett mwenyewe ameketi mstari wa tatu na hakatai. Bibi alihamia kwa Babu na sanduku la nguo, bunduki ya baba yake, na kijiko cha kupimia baruti alichotengenezewa na Emmett.

Huku kwetu risasi za kuwindia tunajaza wenyewe kabla ya msimu, na kila bunduki ina kiasi chake. Kijiko chake hutengenezwa kwa ganda la risasi lililokwisha kutumika. Unalikata, unalipunguza kwa tupa kidogo kidogo, kila mara unapima kwenye mizani, mpaka likijaa linachukua baruti ya risasi moja, isizidi wala isipungue. Kisha kikombe hicho unakilehemu mpini, kwa kawaida waya wa shaba. Cha Emmett kilikuwa na mpini wa pembe ya kulungu, umesuguliwa ukang'aa.

Babu alikiona siku ya tatu baada ya harusi.

"Hiki nani kakutengenezea?"

"Emmett."

"Mpini wote huo wa nini? Unapima baruti au unakoroga supu?"

"Unakaa vizuri mkononi," Bibi alisema, akaendelea kupima.

Babu akaapa hatakigusa kijiko hicho maisha yake yote. Septemba ile alitengeneza cha kwake, akamletea. Bibi alikijaribu, akasema, "Kizuri, Tollef," akakitundika kwenye msumari bandani, akachukua cha pembe. Mwaka uliofuata, hivyo hivyo. Ikawa desturi ya nyumba: kila Septemba kijiko kipya, "Kizuri, Tollef," halafu msumari.

Wivu huo uliwafaa wengine. Bonde zima lilikuja kutengenezewa vijiko bandani kwake. Hakudai hata senti, ila kila aliyekuja aliulizwa, "Cha Emmett umewahi kukiona? Unakionaje?" Aliyejibu kwamba vyote ni vizuri alipewa kijiko chake akaondoka bila kukaribishwa ndani. Kuna jambo moja alilifundisha bila kuchoka: kijiko ni cha baruti moja. Ukibadilisha baruti, kijiko kile hakifai tena, kwa sababu kuna nzito na kuna nyepesi, na kosa hapo linaweza kukupasulia bunduki usoni.

Mwaka 1991 duka la mjini liliacha kuuza baruti ya madebe ya jeshi, watu wakahamia nyingine. Babu aliponda kwa nyundo vijiko vya nusu ya bonde, akavitengeneza upya. Cha Bibi alikianza kabla ya vyote. Bibi akasema kizuri. Wiki iliyofuata Babu alimkuta mezani ameshika tena ule mpini wa pembe, na risasi zake zikawa zinapiga pale pale kama zamani, ingawa baruti ilikuwa nyingine. Alikwenda bandani kutazama ukutani. Kijiko chake kipya hakikuwepo. Hapo akajua, au aliona anajua: Emmett alikuja nyumbani yeye akiwa kazini, akamtengenezea Bibi kikombe kipya, na cha mumewe kikatupwa.

Hakumuuliza Bibi. Hakumuuliza Emmett. Aliacha tu kumsalimia. Wakikutana dukani, kanisani, barabarani, Babu aligeuza uso. Ilikuwa hivyo miaka thelathini na minne, na Emmett hakujua kosa lake.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza majira ya baridi ya 2023. Daktari alimkataza kupita ngazi za barazani. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, karibu saa nne asubuhi, barabarani, hatua chache kabla ya lango la Bwana Rusk, akiwa na umri wa miaka 76.

Ameacha mke, Verna, watoto wawili, Karin na Dale, wajukuu wanne, dada yake, Solveig, na Emmett Rusk, ambaye Bibi ameagiza aandikwe hapa pamoja na familia. Mwenyezi Mungu amtulize Tollef, maana hapa duniani kutulia kulimshinda.

Lakini Bibi hakutaka karatasi hii iishe bila asubuhi ile.

Walikuwa jikoni. Babu alikuwa akilehemu kijiko cha mwaka huu, ameshaunguza kidole gumba mara mbili. Bibi alikuwa upande wa pili wa meza akijaza risasi zake za msimu. Babu akaweka kila kitu chini.

"Verna, nitakufa Emmett akiwa mbele yangu."

"Mbele wapi?"

"Hapo. Mkononi mwako."

Bibi alikiangalia kijiko, akakisukuma mezani mpaka mbele ya Babu.

"Kishike."

"Niliapa."

"Kishike, mzee, usinichoshe."

Akakishika, kwa mara ya kwanza tangu waoane. Alivaa miwani, akakigeuza. Mdomo wa kikombe ulikuwa umemaliziwa na tupa kwa mshazari, kama jino la msumeno linavyonolewa. Katika bonde hili hakuna mwingine anayemalizia hivyo.

"Hii ni tupa yangu."

"Ya nani tena? Cha Emmett kilikufa na ile baruti ya jeshi. Nilikibandua, nikalehemu hicho ulichonipa. Mpini niliuacha, unakaa vizuri mkononi."

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Nilidhani umeona. Mimi naijua tupa yako, wewe usiijue?"

"Niliapa kutokigusa. Nilidhani Emmett alikuja hapa."

Bibi naye alikuwa hajui. Alidhani watu hawa wawili waligombania mpaka wa uzio.

"Emmett hajaingia jikoni humu tangu tuoane," alisema. "Ungeniuliza."

"Nisingeuliza kwa lolote."

Alikijaza, akapima kwenye mizani. Akarudia mara kumi. Mizani haikuyumba. Kisha akasimama, akachukua kofia.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Emmett mara moja."

"Daktari amekukataza kupita ngazi."

"Daktari hana habari hii."

"Basi msubiri Dale aje na gari."

"Nimemnunia mtu miaka thelathini na minne bure, Verna. Simsubiri Dale."

Bwana Emmett, hakufika kwako. Alikuwa anakuja kukuomba radhi.

Alishuka ngazi bila kushika ubao wa pembeni. Akapita lango letu akaliacha wazi, yeye aliyetugombeza sote kwa lango lile kwa sababu ya ng'ombe. Bibi alimwita mara moja kutoka barazani. Babu aliinua mkono bila kugeuka, akaendelea kutembea.