Mwenye Kaya wa Jengo Jipya

Padre, Mwenyekiti wa Kijiji, Mganga wetu na wafanyakazi wote wa hospitali, wakwe zetu mliotoka Malampaka, na ninyi majirani mliolala nasi hapa msibani tangu juzi, mimi ni Thomasi Shigela, mwalimu, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na ukoo umenituma niwasomee maisha ya kaka yangu leo Jumamosi, tarehe 22 Oktoba 1977, kabla hatujamzika. Nitasoma taratibu, kwa sababu kuna mstari mmoja katika karatasi hii ambapo kalamu ilinigomea, na nikiufikia nitawaambia.

Marehemu Marcelo Shigela alizaliwa Lingeka, upande wa Meatu, tarehe 17 Agosti 1932, akiwa mtoto wa tatu wa mzee wetu Shigela Ngeleja, akachunga ng'ombe wa baba mpaka mwaka 1945, ndipo baada ya kumsumbua baba masika na kiangazi akaandikwa darasa la kwanza, mrefu kuliko wenzake wote, akakaa dawati la nyuma na magoti yake nje. Alimaliza darasa la sita mwaka 1950, na mwaka 1952 akachaguliwa kwenda Mwanza kujifunza udresa, kazi ya kusafisha na kufunga vidonda, ambayo baba aliidharau akisema hakumlea mwanawe ili akanuse miguu ya watu iliyooza, ingawa baba naye alikuja kufungwa kidonda na mikono hiyohiyo.

Alianza kazi tarehe 4 Januari 1954 katika zahanati moja karibu na stesheni ya Malampaka, na hapo ndipo alipomwona Generoza akishuka kwenye treni na kuku wawili, akajitia kumsaidia mzigo, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Julai 1955. Mungu aliwajalia watoto watano, Felisita aliyezaliwa mwaka 1956, mapacha wao Kulwa na Doto mwaka 1959, Shija mwaka 1962 na Salu mwaka 1965. Kulwa na Doto walifariki kwa surua mwezi Februari 1961, wakipishana siku tatu, wamelazwa kwenye mkeka barazani kwa sababu zahanati haikuwa na kitanda hata kimoja, na baba yao ndiye aliyekuwa zamu. Tangu hapo kaka yangu alikuwa mtu wa neno moja, wodi, na mtaniwia radhi nikisema hivi, alikuwa anachosha.

Alihamishiwa hapa Mwabuluda tarehe 1 Machi 1966, katika jengo hili la zamani mnalolijua, ambalo mvua ikinyesha wagonjwa husogezwa ukutani na ndoo zikalala katikati. Mwaka 1973 tulipoanza kusomba mawe na mchanga kwa zamu ili tujenge jipya, yeye alisomba zamu yake na zamu ya wazee, na jengo lilipomalizika mwezi Juni mwaka huu, akakabidhiwa kazi ya kuliandaa kwa ufunguzi na kuwahamisha wagonjwa. Alikwangua rangi kwenye vioo kwa wembe, kioo kimoja kimoja, akasimamia akina mama waliojaza pamba kwenye magodoro, akapaka namba za vitanda kwa mkono wake kuanzia moja hadi arobaini, akafunga kitambaa cha rangi kwenye kila ufunguo ili hata asiyejua kusoma asikosee mlango, nyekundu dawa, nyeupe shuka, buluu chumba cha upasuaji. Ufunguo huo wa buluu alikuwa akimwonyesha Felisita, ambaye mwaka 1975 uchungu ulimshika siku mbili, akapakiwa kwenye lori la pamba kupelekwa mjini, mtoto akafia njiani, na sasa ni mjamzito tena, siku zake ni mwezi ujao. Ninyi mliona jengo la wilaya nzima, lakini kaka yangu alikuwa akimwandalia mwanawe kitanda.

Kilichofuata kinatuhusu sisi sote, na siwezi kukiruka. Kwetu nyumba mpya hailaliwi kwanza na mgonjwa, bali mwenye kaya hutangulia na moto kutoka jiko la zamani, akalala, akaamka mzima, ndipo wengine wakaingia. Mwaka 1974 tulipohamia hapa kijijini kutoka mashambani kwetu tuliingia nyumba zetu kwa haraka, moto haukubebwa, na masika yale tulizika sana, na sitasema zaidi kwa kuwa viongozi wetu wapo hapa. Basi katika mkutano wa Ijumaa tarehe 30 Septemba, mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe alisimama akauliza mwenye kaya wa jengo lile ni nani, Mwenyekiti akamjibu kwamba ni mali ya umma, wenyewe ni sisi sote, na yule mama akasema, kwa adabu kabisa, kwamba kama ni sisi sote basi hakuna mtu, na mume wake hatoki pale alipo. Watu waliguna kukubali, nami niliguna, tena nikiwa mwalimu. Kaka yangu akasimama nyuma, akasema, "Niandikeni mimi."

Jioni ya Jumapili tarehe 2 Oktoba alichukua makaa jikoni kwa Generoza, akayatia kwenye chungu kilichovunjika mdomo, akavuka uwanja mbele ya macho yetu, akalala ndani peke yake, na asubuhi tulipomwona mlangoni anapiga mswaki, wanawake walipiga vigelegele, na siku hiyohiyo wagonjwa kumi na wanne walihamishwa bila ubishi, na chungu kikawekwa jiko la hospitali, moto wake haukuachwa uzimike.

Lakini aliyelala mle hakuwa mzima. Tangu mwezi Juni alikuwa na maumivu upande wa ini, macho yalikuwa yamegeuka rangi ya manjano, naye akanunua miwani nyeusi kwa dereva wa lori akidai vumbi la chokaa linamwasha, nasi tukamtania, tukamwita Mheshimiwa, mimi nikiwa wa kwanza, na watoto wangu wa shule wakamwimbia. Generoza peke yake ndiye aliyejua, naye alikatazwa kusema mpaka ufunguzi upite. Nimemkasirikia kaka yangu kwa hilo na bado nina hasira naye, kwani alikuwa akiishi mita kumi kutoka kwenye mlango wa Mganga.

Ijumaa tarehe 14 Oktoba alianguka akiwa anapachika pazia wodini, wakamlaza kwenye kilichokuwa karibu, kitanda namba moja, na Mganga Athumani alipomvua miwani alielewa, akaniita pembeni akaniambia ini limekwisha, na hata Mwanza hawawezi kitu. Kaka alielewa kabla yetu, na alichokiogopa hakikuwa kifo, bali kufa pale, kwa kuwa mwenye kaya akifa ndani ya nyumba aliyoifungua kwa moto wake, nani mwingine atalala humo. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 20 Oktoba aliomba arudishwe jengo la zamani, Mganga akakataa, akaomba tena, akaomba kwa kulia, kitu ambacho sikuwahi kukiona hata walipokufa mapacha, na Mganga akasema mchukueni. Aliomba miwani yake, tukamvisha. Mimi nilishika machela mbele, Kasmiri mlinzi akashika nyuma.

Ndugu zangu, nimefika kwenye ule mstari. Historia ya marehemu inataka mahali alipofia, na cheti cha Mganga kinasema jengo la zamani, saa nne na dakika arobaini asubuhi, nami nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyoniomba. Ninachokijua mimi ni kwamba tulipovuka kizingiti cha jengo jipya alisema, "Wabeja," akitushukuru, nililisikia neno hilo vizuri, na tulipofika ngazi za jengo la zamani nilimwambia tumefika, hakujibu. Kati ya milango hiyo miwili ni hatua mia moja na sitini, nimezipima jana, na mgongo wangu ulikuwa kwake. Kasmiri nimemuuliza mara mbili, anasema aliona miwani tu.

Kwa hiyo, Felisita mwanangu, baba yako alitoka mle akiwa hai, hilo naliapia mbele ya jeneza lake. Umesema utajifungulia kwa mama mkwe wako na hutakanyaga lile jengo, na sina la kukulazimisha, kwa sababu hapa kijijini hakuna aliyenisikiliza nilipolisema hili Alhamisi, na kufikia jioni wagonjwa kumi na mmoja kati ya kumi na wanne walikuwa wamebebwa na ndugu zao, wengine kwenda kwenye ndoo zilezile, wengine majumbani, na mume wa yule mama amefariki jana akiwa kwenye mkokoteni. Jumamosi ijayo, tarehe 29, mgeni rasmi atakata utepe mbele ya vitanda arobaini vilivyotandikwa vizuri sana. Kaka yangu alifanya kazi yote aliyopewa, na sioni ilichomfaa mtu.

Kwa niaba ya ukoo namshukuru Mganga Athumani na wauguzi waliomsafisha kaka bila kuona kinyaa, majirani mliotuletea kuni, maji na unga, wafanyakazi wenzake mliochimba kaburi kwenye ardhi hii ngumu ya kiangazi, na shemeji yangu Generoza, aliyetunza siri nzito kuliko uwezo wake na ambaye naomba asilaumiwe na mtu. Aliyemwaga maji kwenye chungu cha moto jiko la hospitali Alhamisi jioni, simtafuti wala simshukuru.

Marcelo, kaka yangu, nilikuita Mheshimiwa nikicheka, unisamehe. Nitasimama kesho jioni nikachukue makaa jikoni kwa Generoza, nilale kitanda namba moja, ingawa mimi ni mwoga na unajua. Kama Felisita ataniona nimetoka mzima au hataniona, sijui. Pumzika kwa amani, mwenye kaya.