Mzee Mhina wa Tangi la Stesheni

Tarehe 30 Septemba 1913, Mzee Mhina Salimu anastaafu baada ya kuitumikia reli miaka kumi na saba, kwanza Muheza, kisha hapa Korogwe tangu njia ilipofika.

Kazi yake ilikuwa vali ya tangi linalonywesha gari moshi. Akizungusha gurudumu, bamba la chuma ndani ya bomba hupanda, maji yakapita. Akilirudisha, hushuka na kuyakata. Hufunga polepole, maana maji yanayokimbia yakizuiwa ghafla hupiga bomba kwa kishindo, hata likapasuka.

Habakuki, mchochea moto wa gari moshi, aliwahi kuifungua vali kwa pupa, kofia yake ikachukuliwa na maji hadi chini ya mabehewa. Mzee Mhina alicheka sana. Ndipo sisi wafanyakazi wenzake wa stesheni tulipotambua kuwa hatukuwahi kusikia kicheko chake.

Mkewe alifariki Handeni mapema. Mzee Mhina alimwacha binti yao Mwaija kwa ndugu yake huko, akakaa peke yake kibandani kando ya tangi. Tulimjulia hali tukipita na taa au mizigo. Kuketi naye, hapana.

Mwaka wa ukame, asubuhi aliyofunga safari kwenda kumwozesha Mwaija, mti wa vali, chuma kinachoinua na kushusha bamba, ulikatika bamba likiwa juu. Maji yakamwagika ovyo, na gari la abiria lilikuwa linashuka kutoka Mombo. Mzee Mhina aliweka chini kanzu yake mpya, akaingia tangini, akaziba mdomo wa bomba kwa gunia na kulikanyaga. Gari lilipofika aliliondoa gunia, gari likanywa, akaziba tena. Alisimama majini mpaka fundi alipofika kutoka Tanga. Siku hiyo ndugu yake ndiye aliyemwozesha Mwaija.

Baada ya mavuno Mwaija alikuja kwa miguu na mumewe. Hakumlaumu. Alimpikia, akafagia kibanda, na wakati wa kuaga akasema, "Baba, maji haya yatapata mtu mwingine wa kuyafunga. Mimi baba mwingine sina."

 Mwezi uliopita alimwendea bwana stesheni mwenyewe, akaomba apumzike.

Mzee Mhina, ahsante kwa kazi yako. Mwaija amefika tangu jana, na mwanawe mgongoni. Nenda salama, ukae na wako, na Mungu akujalie uzee wenye watu wa kuzungumza nao.