Baridi ya Vyumba Vitatu

Benchi letu liko Mkomaindo, kwenye kibaraza cha duka langu la ushonaji, kando ya barabara iendayo hospitali. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na upande wa kushoto umebonyea kwa sababu ndiko anakokaa Redio. Huyo jina lake ni Jumanne, ila habari zote za Masasi hupitia kwake kwanza, nyingine hata kabla hazijatokea. Pembeni yake hukaa Bonifasi, fundi baiskeli, tunayemwita Injinia tangu alipofunga taa tatu kwenye baiskeli ya katekista na zote zikawaka. Mahmudu huja na birika lake la kahawa saa nane mchana, na mimi, Basil, hushona huku nasikiliza. Jumamosi ile ya Oktoba joto lilikuwa kali, lile linalokaa kwenye mawe ya milima yetu asubuhi nzima halafu likashuka mjini. Mzee Gasper, Baba Oliva, alikuwa amekaa katikati ya wenzake na karatasi ya daftari magotini. Alikuwa anamngoja fundi wa viyoyozi aliyetoka Mtwara, ambaye tangu asubuhi alikuwa nyumbani kwake akipima vyumba.

Redio: Baba Oliva, hebu tueleze upya. Jana nilimsimulia mtu wa Lulindi akaniita mwongo.

Baba Oliva: Mashine moja inakaa nje, nyuma ya nyumba, kwenye kivuli. Hapo yanatoka mabomba ya shaba, membamba kama kidole hiki, yanapita ukutani. Kila chumba kina kichwa chake kule juu, na rimoti yake.

Redio: Mashine moja, vichwa vitatu!

Baba Oliva: Vitatu, kila mtoto na chake. Cha Oliva, cha Nikolao, cha Julia.

Mahmudu: Na kila mmoja anajichagulia?

Baba Oliva: Anajichagulia. Oliva huko Botswana ameshazoea baridi, atataka iwe kali. Julia tangu mdogo ana kifua, huyo atataka joto. Mashine hii inatoa na joto pia.

Redio: Mnasikia? Julai na Januari chini ya bati moja! Hili ndilo soko huria, jamani. Juzi tu tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, leo mtu anaagiza hali ya hewa.

Injinia: Sasa ngoja niulize kiufundi. Baridi ni nzito kuliko joto, sivyo?

Redio: Nani kakwambia?

Injinia: Fizikia. Sasa ikiwa nzito inakaa chini. Mtu akilala kitandani anapata joto, na viatu vyake chini ya kitanda ndivyo vinavyopata baridi. Baba Oliva, mimi nakushauri ukate miguu ya vitanda.

Mahmudu: Toka hapo! Hela yote hiyo ya kupozea viatu?

Redio: Mimi sihofii vitanda, nahofia nyumba. Kule Lindi kuna tajiri mmoja alifunga kitu kama hiki. Kile kichwa kikavuta maji, kikamaliza ya hewani, kikaingia kwenye ukuta. Baada ya mwezi nyumba imekauka kama korosho iliyobanguliwa, ukiigusa inamwagika.

Injinia: Uliiona?

Redio: Aliyeiona nilionana naye.

Mahmudu aliwajazia vikombe na kunitupia jicho, maana anajua mimi hucheka bila kuinua kichwa. Halafu na yeye akaingia ulingoni.

Mahmudu: Lakini kwa nini tusumbuke na shaba? Newala ipo pale juu. Asubuhi ya Juni kule ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria. Tunalaza bomba moja kubwa, kutoka Newala mpaka hapa, ni mteremko mtupu. Baridi inakuja yenyewe.

Redio: Na watu wa Newala wanabaki na nini?

Mahmudu: Tunawapelekea joto letu kwa bomba la kurudia.

Injinia: Hiyo inawezekana kabisa. Shida ni valvu tu.

Baba Oliva alicheka kidogo. Yeye ndiye mtu wa Newala kati yetu. Alioa hapa, na kwa desturi yetu mwanamume ndiye humfuata mke, kwa hiyo alishuka akajenga kwa wakwe zake, akakaa miaka thelathini na minne.

Baba Oliva: Dada yangu anasema hivyo hivyo. Kila akiniletea salamu, rudi juu, baridi ya bure iko huku.

Redio: Na kwa nini hurudi?

Baba Oliva: Nyumba ya watoto iko hapa.

Hapo ni lazima nieleze habari ya nyumba hiyo. Mama Oliva alifariki mwaka jana, Novemba. Watoto wote watatu walikuja kuzika. Usiku wa kwanza walilala nyumbani. Wa pili wakachukua mizigo yao wakahamia gesti ya karibu na stendi, yenye feni. Nikolao ndiye aliyemwambia baba yake, "Baba, joto." Neno hilo moja. Siku ya nne walipanda basi. Baada ya arobaini ndugu zake mzee walishuka kutoka Newala kuja kumchukua, kama inavyofanyika mwanamume akifiwa na mke. Akawapikia chai, akawashukuru, akawasindikiza mpaka stendi, akarudi peke yake.

Tangu siku hiyo anapigana na joto. Korosho za msimu mzima zimeingia humo. Alimwita mwashi akaziba matundu yote ya hewa juu ya madirisha ili baridi isitoroke. Akapigilia silingibodi darini. Akaniletea kitambaa kizito cha mapazia, rangi tatu. Nilipokwenda kupima madirisha nikakuta vitanda vitatu vimetandikwa, na mashuka ya akiba juu yake bado yamo kwenye nailoni. Humo ndani nilishindwa kupumua. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa ajili ya baridi ambayo haijafika, na nje kwenye veranda, nyuma ya mapipa, niliona mkeka umekunjwa, na mto, na kandili. Mzee analala nje ya nyumba yake. Iliniuma sana, na sikumwambia mtu, hata Redio. Hasa Redio.

Sisi tulijua kwamba hakuna mtu anayekimbia nyumba ya mama yake siku ya pili ya matanga kwa sababu ya joto. Lakini utaanzaje kumwambia? Na mimi nina mwanangu yuko Songea, mwaka wa tatu sasa, na sijamuuliza kama Masasi anaiona ina joto.

Injinia: Baba Oliva, na chumba chako wewe? Mbona hukukiwekea kichwa?

Baba Oliva: Mimi nimezoea.

Redio: Krismasi wanakuja wote?

Baba Oliva: Nimewaandikia wote. Oliva ameshatuma kadi.

Redio: Inasemaje?

Baba Oliva: Inasema Krismasi njema.

Redio: Kumbe barua za siku hizi ni fupi! Ni kwa sababu ya hizo simu za mkononi. Wanasema ukipiga sana, maneno yanakwisha kichwani. Yule mtoto hakosi huko anasema mchana kutwa, usiku hana akiba.

Mahmudu: Redio, kunywa kahawa.

Fundi akatokea kwenye kona ya hospitali, ameshika futi ya chuma mkononi na mfuko begani. Jina lake Kulwa, mtu wa makamo, mpole, shati limemlowa mgongoni lote.

Kulwa: Shikamooni wazee.

Wote: Marahaba!

Mahmudu: Karibu kahawa.

Kulwa: Asante, nitakunywa nimesimama. Lori linalonirudisha linaondoka saa kumi na nataka kuagiza mashine leo hii. Mzee, nimepima kila kitu. Matundu umeziba vizuri, hata mjini hawazibi hivi.

Baba Oliva alikaa wima. Siku nyingi sikuwa nimemwona anafurahi namna ile.

Kulwa: Kuna jambo dogo. Hapa umeandika chumba kimoja baridi, kingine joto. Mashine ikiwa moja haifanyi hivyo, mzee. Vyote vitatu baridi, au vyote vitatu joto. Itabidi wakubaliane.

Baba Oliva: Watakubaliana. Ni ndugu.

Kulwa: Sawa. Sasa mashine za nje zipo za aina mbili. Kubwa inavibeba vichwa vyote vitatu usiku kucha, haichoki. Ndogo inavibeba pia, ila vikiwaka vyote pamoja inapungua nguvu.

Injinia: Chukua kubwa! Ya nini kuuliza?

Kulwa: Kubwa ikikosa kazi inaharibika, mkubwa. Inawaka, inazima, inawaka, inazima. Haimalizi miaka miwili. Kwa hiyo mimi nahitaji kuandika kitu kimoja tu hapa. Usiku wa kawaida, nyumba inalala watu wangapi?

Akaweka kalamu juu ya karatasi akangoja.

Redio alikuwa na kikombe mdomoni, akakiacha hapo hapo. Injinia, mtu mwenye jibu la kila kitu mpaka la mkia wa nyota, akaanza kuzungusha gurudumu la baiskeli lisilo na tairi, lililokuwa miguuni pake. Siyo kwamba hatukujua. Mtoto wa shule angejibu. Lakini jibu lenyewe lilikuwa limekaa hapo katikati ya benchi, limevaa shati la kanisani siku ya Jumamosi, na hakuna aliyeweza kulitamka mbele yake.

Kulwa: Siyo lazima iwe hesabu kamili, mzee. Kadirio tu.

Baba Oliva alikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni.

Baba Oliva: Ngoja kwanza. Nikawaulize. Naenda posta kupiga simu, sichelewi.

Akasimama, akajipangusa suruali, akashika njia ya posta. Ilikuwa inakaribia saa tisa. Jumamosi posta hufunga saa sita. Redio alijua, habari gani isiyomfikia? Mahmudu alijua, Injinia alijua. Mimi nilijua, na mkononi nilikuwa na pazia la Julia, la mwisho, limebaki pindo. Hatukumwita.

Kulwa: Atawahi kurudi? Nimwandikie wangapi?

Mahmudu akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Yakatoka machicha tu.

Mahmudu: Imekwisha, mwanangu. Utusamehe.

Mzee alikuwa ameshapita duka la mafuta ya taa, anatembea haraka haraka kama mtu anayesubiriwa. Nikaliweka pazia juu ya cherehani, nikavaa kandambili zangu, nikamfuata. Nilitaka tu asifike peke yake kwenye mlango uliofungwa.