Kunzea Thelathini na Moja Mbele ya Greda

Niwieni radhi, wanangu, maana wosia huu nitauharibu: mwenye kipaji cha kusema jambo likaeleweka alikuwa marehemu mama yenu, mimi hata siku ya kumposa nilianza na habari za majani, naye akadhani nimekuja kuuza mboga. Narelle, niinulie mto. Glenn, acha kununa, sura hiyo iweke akiba ya mazishi.

Sikilizeni. Nyumba ni yenu nusu kwa nusu. Pikapu ni ya Glenn, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kuiwasha kwa matusi. Kioo changu cha kukuzia ni cha Narelle. Hayo madogo. Kubwa liko kule mgongoni kwa kilima. Alhamisi greda linakuja kupanua njia ya kuzuia moto, na dereva amekwisha sema: kichaka kisicho na utepe mwekundu kinang'olewa. Kunzea zetu, vile vichaka adimu, zimebaki thelathini na moja, wilaya nzima hazipo kwingine, nazo zimesimama katikati ya miti-chai ya porini mamia, chai kwa jina tu, iliyofanana nazo kama pacha aliyeazima shati la nduguye. Mkikosea, zimekwisha.

Ningekuwa na akili ningengoja nife Oktoba, wakati wa maua, mambo yawe rahisi: nyuzi za ua la kunzea hupita petali zake kama sharubu za paka, za mti-chai ni fupi, kama mzee aliyenyolewa na mkewe kwa hasira. Lakini huu ni Machi, ua halipo hata la kuombea. Basi shikeni matunda. Mti-chai wa kwetu ni bahili, tunda lake gumu kama kifungo cha koti hulishikilia tawini mwaka baada ya mwaka. Kunzea ni mkarimu, tunda lake hukauka, likamwaga mbegu, likadondoka, na tawi la zamani ukalikuta tupu. Msiseme kwa mbali, wala msinuse mkajidai mabingwa, maana vyote vinanukia. Pindeni tawi, papaseni, ndipo mfungue mdomo.

Na utepe usifungwe mpaka wote wawili mkubali. Najua. Tangu utotoni hamjakubaliana hata siku ya juma. Kila mmoja anadhani mwenzake hana akili, na ushahidi wa kutosha mnao nyote. Lakini Narelle ana macho, Glenn ana subira, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Tawi mmeleta? Nipeni niwaonyeshe. Macho yameniaga, vidole bado vipo. Ehe... kifundo... kifundo... na hiki kingine. Mti-chai! Apewe greda.

Mnacheka nini? Glenn, rudia, sikio hili limelala.

"Hayo si matunda, Baba. Ni vinundu vya wadudu."

Narelle, mwambie nduguyo asinitanie nami nakata roho.

"Safari hii Glenn kapatia, Baba. Nimekipasua kimoja, kina funza ndani. Hiyo ni kunzea."

Mmekubaliana! Jamani, mmekubaliana, na mmenipinga mimi! Basi kilima kimepona. Nendeni kesho asubuhi na mapema, mkafunge tepe zote thelathini na moja. Mungu awape macho makali na ndimi laini... mzeeke pamoja mkibishana juu ya vitu vidogo... maji, Narelle... asante.

Ngojeni. Vinundu... Miaka kumi na tisa nimemnunia jirani yetu Colin Prentice, nikiapa kwamba mbuzi wake walimaliza kunzea za nyuma ya tangi. Mwaka ule ule pale pale nilikuwa nimekata miti-chai... niliipapasa kwanza... ilikuwa na vifundo hivi hivi. Loo! Nyani haoni kundule. Mkishanizika, mpelekeeni Colin keki... nzima, msiimege njiani... na akiwauliza baba yenu kafa kwa ugonjwa gani, mwambieni... aibu.