Sauti ya Kunywesha Ng'ombe

Basi letu lilipoiacha Garsen, fundi simu mmoja alikuwa akimsimulia mama Muorma muuza maziwa, ambaye hata hakumjua, habari za Nora Pell, mwimbaji wa Uingereza aliyerudi jana kwa wimbo mpya baada ya kunyamaza miaka sita.

“Nimelia kwa furaha, mama. Lakini alipasuliwa koo. Ile sauti nyororo imekwisha.”

“Hebu nisikie.”

Mama akaiweka simu ya fundi sikioni, akafumba macho. Mimi, kwenye kiti cha nyuma yao, nilitarajia aseme astaghfirullahi.

“Imekwisha wapi? Sisi Waorma tunawaimbia ng'ombe wakinywa maji. Sauti nyembamba hawaitaki. Kwa hii nzito wangekunywa mpaka walale.”

“Mama, albamu yake ya kwanza, ya ile sauti nyororo, ilipata tuzo nne.”

“Waliotoa tuzo ni ng'ombe?”

Basi likasimama Tarasaa. Mama akashuka na madumu yake, simu bado sikioni. Fundi, mwenye tikiti ya Malindi, akashuka nyuma yake, bado anabisha.