Dalmas Obiero, Fundi wa Kutoboa Chuma, Kawangware (1951–1999)

Dalmas Obiero alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Ugunja, Siaya, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Naftaly Obiero na Mama Aluoch.

Alisoma hapa nyumbani hadi darasa la saba, kisha akajifunza ufundi wa chuma katika chuo cha kijiji. Mwaka 1974 alienda Nairobi, akapanga chumba Kambi Muru, Kibera. Baada ya miaka mingi ya vibarua vya viwandani, alifungua kibanda chake Kawangware.

Pale alijulikana kwa kutoboa. Hakuanza kabla ya kukipiga chuma alama kwa panchi, ili biti ya kutobolea isiteleze. Tundu kubwa alilitangulizia biti ndogo, akatia mafuta, na makali yakiisha alisimama akanoa. Siku moja rafiki yake Mutunga, mtengenezaji wa mikokoteni, alikuja na haraka zake na biti aliyoazima kwa mwashi. Dalmas aliigeuzageuza mkononi.

"Hii ni ya ukuta, Mutunga. Kwa chuma itachoma tu, haitakata."

Mutunga akaketi, akangoja Dalmas atoboe kwa biti yake. Ekseli ya mkokoteni iliingia tunduni bila kuguswa na nyundo.

Mwaka 1979 Dalmas alimwoa Filister, muuza mitumba wa Soko la Toi, aliyempendea utulivu wake.

Mwishoni mwa 1996 mikono ya Dalmas ilianza kutetemeka. Biti zikawa zinamvunjikia. Filister alimzungusha hospitali baada ya hospitali. Madaktari wakasema mishipa ya fahamu inakufa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Akafunga kibanda, akabaki kitandani na mkebe wa biti kando yake, akizipapasa. Halafu vidole navyo vikafa ganzi.

"Mama Tonny, hii ni kali ama imeisha?" alimuuliza mkewe.

Filister hakujua kutofautisha. Alimwambia ni kali. Kila alipouliza alimjibu hivyo hivyo, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Alasiri ya tarehe 3 Juni 1999, Filister alimshika mkono, akamuuliza kama anausikia wake. Dalmas akatikisa kichwa kuashiria hapana. Filister hakuuachilia, hata pumzi ilipokwisha kukatika.

Ameacha mama yake, Aluoch. Mjane wake, Filister. Na watoto wao, Tonny na Audrey.

Mwili wake na upate pumziko, na roho yake amani.